Shusheni Taa Kutoka Darini

Kama unanisikiliza ukiwa ndani ya teksi iliyokwama Jinja Road, nakuombea ufike salama. Kama umeshafika nyumbani, vua viatu, keti vizuri, kisha inua macho uitazame dari. Hapo katikati, bila shaka, pananing'inia balbu. Leo nataka tuizungumzie balbu hiyo, kwa sababu naamini ndiyo inayowanyima watu wengi wa mji huu raha ya nyumba zao wenyewe.

Sisi wa Kampala ni majirani wa ikweta. Mstari wenyewe unapita pale Kayabwe, kwenye barabara ya Masaka, mahali ambapo wageni husimama kupiga picha. Ndiyo maana mwaka mzima, Januari hadi Desemba, jua letu linazama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja na dakika chache za jioni, na likishazama giza halichelewi. Wenzetu wa Ulaya wana jioni ndefu za kiangazi. Watu wanakula chakula cha usiku na jua lingali juu. Sisi hatuna jioni hiyo. Mtu anayetoka kazini saa kumi na moja, akasota kwenye foleni ya magari Kibuye au Bwaise, anaingia kwake giza limeshatanda. Asubuhi anadamka na kuondoka kabla jua halijakolea. Basi nyumba anayoijua yeye, siku tano au sita za juma, ni nyumba ya usiku. Viti alivyonunua, rangi ya ukuta aliyoichagua, sura za watoto wake, vyote anaviona kwa taa.

Na bado taa ndicho kitu tunachokifikiria mwisho. Mtu atajinyima miezi kadhaa anunue makochi ya Nsambya. Atazunguka soko la Owino siku nzima akitafuta mapazia yanayolingana na makochi hayo. Televisheni ataichagua kwa kupima inchi. Lakini taa? Taa ni ile iliyoachwa na fundi wa mwenye nyumba: waya mmoja, holda moja, katikati ya dari, na balbu nyeupe yenye nguvu kuliko zote zilizokuwepo dukani.

Tuingie kwenye muzigo wa kawaida tuone balbu hiyo inafanya nini. Muzigo, kwa wanaonisikiliza kutoka mbali, ni kile chumba kimoja cha kupanga wanachoishi maelfu ya watu wa Kampala. Pazia limekigawa katikati: upande wa mlango viti na televisheni, upande wa ndani kitanda. Nusu ya chini ya ukuta imepakwa rangi ya mafuta ili isafishike upesi, nayo inameta. Balbu moja inawaka juu ya pazia ili imulike pande zote mbili. Mwanga unaomshukia mtu moja kwa moja utosini humtia vivuli chini ya macho na chini ya pua, kwa hiyo mume na mke wakitazamana wanaonana wamechoka kuliko walivyochoka kweli. Ukuta wa rangi ya mafuta unaurudisha mwanga machoni. Kioo cha televisheni kinaonyesha balbu kabla hakijaonyesha picha. Mtoto aliyelazwa nyuma ya pazia anajivuta shuka usoni. Kila kitu kinaonekana, kuanzia ndoo ya maji hadi rundo la nguo ambazo hazijapigwa pasi, na jicho halipati mahali pa kutua. Watu wanakaa humo kama wanaosubiri kuitwa kwenye dirisha la ofisi. Halafu tunajiuliza kwa nini kila mmoja amejiinamia kwenye simu yake.

Mwenye nyumba kubwa Naalya au Kira asidhani hili halimhusu. Kule dari limechimbwa mashimo, taa nyeupe zimepangwa safu kwa safu, na sebule nzima inawaka sawasawa kila kona. Tofauti ni ukubwa wa bili tu.

Tumefikaje hapa? Nenda duka lolote la vifaa vya umeme mjini uangalie jinsi balbu inavyouzwa. Juu ya kaunta pana holda iliyounganishwa na waya. Muuzaji anatoa balbu kwenye boksi, anaichomeka, inawaka, mteja anafumba macho kidogo, na biashara imekwisha. Ukimwambia, "Ssebo, nionyeshe na ile ya manjano," atakutolea, lakini atakuonya: "Hii watu hawaipendi, nyabo. Wanasema haina nguvu." Balbu zote mbili zimeandikwa wati 9. Mchana, katikati ya duka lenye jua la mlangoni, nyeupe lazima ishinde. Lakini wewe hununui taa ya dukani mchana. Unanunua taa ya saa mbili usiku, ya mtu aliyechoka.

Kwa hiyo siku nyingine usome boksi. Tafuta namba yenye herufi K mwishoni. Ikiwa ni 6500K, hiyo ni nyeupe yenye kuelekea buluu, mwanga wa ofisini. Ikiwa ni 4000K, iko katikati. Ikiwa ni 2700K au 3000K, hiyo ndiyo ya manjano, inayokaribia mwanga wa balbu zile za zamani za waya na wa moto. Namba ikishuka, rangi inaelekea kwenye moto. Ikipanda, inaelekea kwenye mchana. Nguvu ya umeme inayotumika ni ileile, au karibu na ileile.

Kuna sababu ya balbu hizi kuwa na buluu nyingi. Mwaka 2014 Tuzo ya Nobel ya fizikia ilikwenda kwa Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, waliofanikiwa kutengeneza kijitaa cha LED chenye mwanga wa buluu. Balbu nyeupe ya LED imezaliwa hapo: ndani yake mna kijitaa cha buluu kilichofunikwa utando wa unga wa manjano, na mchanganyiko wa rangi hizo macho yetu huuona mweupe. Utando ukiwa mwepesi, buluu nyingi inapenya. Ukiwa mzito na wenye wekundu ndani yake, tunapata ile ya manjano. Kazi ya mabwana hao imeokoa umeme mwingi sana duniani, na tunawashukuru. Lakini mwili wa binadamu una lake la kusema. Mwaka 2002 wanasayansi nchini Marekani walionyesha kwamba nyuma ya jicho kuna chembe ambazo kazi yake kubwa si kutuonyesha sura za vitu. Zinaupasha ubongo habari kwamba sasa ni mchana au sasa ni usiku, na rangi inayoziamsha zaidi ni buluu. Zikiamshwa saa tatu usiku, mwili unachelewa kutoa homoni ya usingizi, ile iitwayo melatonini. Mtu anaingia kitandani mwili ukiamini kwamba bado ni adhuhuri.

Waganda wanaifahamu nguvu ya taa nyeupe kuliko mataifa mengi, maana wanaitumia kutega senene. Msimu wa Novemba, mvua zikikolea, wategaji wa hapa mjini na wa kule Masaka hupanga mabati ya kung'aa, huweka mapipa chini yake, kisha huwasha mataa makali yanayoonekana kilomita nyingi. Senene wanatoka gizani, wanavutwa, wanagonga mabati na kuteleza ndani ya pipa. Wadudu wa usiku huvutwa zaidi na mwanga wenye buluu, na hata wale kumbikumbi na nzi wadogo wanaojaa sebuleni kwako mvua ikinyesha, wengi wao wamefuata balbu hiyo nyeupe. Weka ya manjano, watapungua.

Sasa nisieleweke kwamba nawaambia watu warudi gizani. Wapo wanaonisikiliza waliosoma kwa tadooba, kile kikopo cha bati chenye utambi na mafuta ya taa. Wanakumbuka moshi puani, masizi darini, na hofu ya mama kwamba kile kikopo kitapinduka kwenye godoro. Mimi siusifu umaskini, na tadooba sitaisifu kamwe. Ninachosema ni kwamba umeme ulipoingia ulituletea neema, na pamoja na neema hiyo tulipoteza kitu kimoja tusichokitambua: taa ilihama. Zamani watu wa Buganda waliuzunguka ekyoto, moto wa jioni, wazee wakisimulia na watoto wakisikiliza. Hadi leo, kwenye lango la kasri la Kabaka, mfalme wa Buganda, kuna moto uitwao Ekyoto Ggombolola, nao huachwa ukiwaka muda wote Kabaka anapokuwa hai. Moto ule wa jioni ulikuwa chini, usawa wa magoti ya walioketi, ukimulika nyuso kutoka mbele. Watu walisogeleana kwa sababu mwanga ulikuwa mahali pamoja. Bwawa la Owen Falls, ambalo leo tunaliita Nalubaale, lilifunguliwa pale Jinja mwaka 1954, na kadiri umeme wa Mto Nile ulivyosambaa mijini, taa ikapanda juu ya vichwa vyetu ikabaki hukohuko. Hakuna sheria inayosema ibaki huko.

Dawa ninayowaletea ni kuigawa taa na kuishusha. Mmarekani mmoja, Richard Kelly, fundi mkubwa wa taa za majengo, aliandika mwaka 1952 kwamba chumba kinahitaji mwanga wa aina tatu. Wa kwanza ni mwanga wa jumla, mpole, unaokuwezesha kupita bila kujikwaa. Wa pili ni mwanga unaoangukia pale penye shughuli: kitabu, sahani, cherehani. Wa tatu ni mwanga wa kufurahisha macho, ule wa kumetameta. Yeye alifanya kazi kwenye majumba makubwa, lakini mpango wake unatosha kabisa ndani ya muzigo wa mita tatu kwa tatu.

Fanya hivi. Ile balbu ya darini usiing'oe. Utaihitaji siku ya kufagia, siku ya kutafuta kitu kilichopotea, siku ya mgonjwa. Lakini iwe na swichi yake, na jioni uizime. Chukua taa moja ndogo uiweke sakafuni au juu ya kabati, kwenye kona, nyuma ya kiti, iutazame ukuta. Ukuta ukipakwa rangi isiyometa, nyeupe au ya maziwa, utaupokea mwanga ule na kuutawanya chumba kizima. Hiyo ndiyo taa yako ya jumla, na balbu yenyewe huioni. Taa ya pili iweke juu ya meza, karibu na anayesoma au anayeshona, urefu wa bega la mtu aliyeketi, na iwe na kofia ili mwanga umwagike chini na usimpige mtu wa pili machoni. Ya tatu iwe ndogo kabisa, wati 2 au 3, karibu na kitanda au mahali penye kitu unachokipenda, picha ya harusi ya wazazi wako, au kikapu alichokusukia shangazi. Kanuni ni moja: mtu akiketi, asione balbu tupu popote anapogeuza macho.

Utaniuliza, umeme je? Tupige hesabu pamoja. Hata tukisema zote tatu ni balbu za LED za wati 4, jumla ni wati 12. Ukiziwasha kwa muda wa saa tano kila usiku, kwa mwezi wa siku 30 zinakula uniti 1.8. Balbu moja ya wati 15 darini, kwa saa hizohizo, inakula uniti 2.25. Kwa hiyo taa tatu za upole zinakula pungufu ya moja ya ukali. Tangu tarehe 1 Aprili 2025 tunanunua umeme kutoka UEDCL, kampuni ya serikali ya kusambaza umeme, baada ya mkataba wa miaka 20 wa kampuni ya Umeme kumalizika, lakini mita ya Yaka inahesabu vilevile, na kwa hesabu hii haitakulalamikia.

Na kofia za taa? Hapo ndipo Uganda ilipojaliwa. Mafundi wa Katwe watakukunjia fremu ya waya kwa umbo lolote utakalolichora kwenye karatasi. Kikapu cha ukindu kikipinduliwa na kutobolewa katikati ya kitako kinakuwa kofia inayochora ukuta mzima kwa mistari ya kivuli. Na tuna olubugo, kitambaa cha gome la mti wa mutuba, ambacho ufundi wake ulitangazwa na UNESCO mwaka 2005 kuwa urithi wa binadamu wote. Gome la ndani huvunwa msimu wa mvua, kisha hupigwa kwa nyundo za mti za aina mbalimbali mpaka lilainike na kupata ile rangi ya udongo mwekundu. Mchana, olubugo linaonekana zito kama ngozi. Weka balbu ya manjano ndani yake usiku ulitazame kwa karibu: nyuzinyuzi za mti zinajitokeza moja moja, nyembamba hapa, nene pale, na pale fundi alipoziba tundu kwa uzi, mshono unaonekana kama kovu. Mwanga unaotoka ni wa rangi ya chai ya maziwa.

Najua kuna wazee wa Kiganda wanaosita, na wana haki. Olubugo ndilo linalotumika kuwasitiri marehemu, na mtu aliyezika mzazi wake ndani yake huenda asitake kuliona sebuleni. Lakini hilohilo pia lilikuwa vazi la watu na matandiko yao, na ndilo Kabaka anavikwa siku ya kutawazwa. Kama moyo wako umetulia nalo, litumie. Kama haujatulia, kuna pamba, kuna ukindu, kuna kitenge chepesi. Heshima ya nyumba inatangulia mapambo.

Nasisitiza pia usalama: kofia yoyote ya kitambaa, gome au ukindu ivishwe balbu ya LED peke yake. Balbu ya zamani ya waya inachemka na inaweza kuunguza. Usirundike plagi tano kwenye soketi moja ya ukutani, na waya wa kurefusha usipite chini ya zulia. Ukitaka kuongeza swichi au soketi, mwite fundi mwenye kibali cha ERA, mamlaka inayosimamia umeme, na umwarifu mwenye nyumba. Umeme ukikatika, usiwashe mshumaa karibu na chandarua. Chandarua kinashika moto kabla hujanyanyuka. Balbu ya kuchaji au taa ya sola inatosha, na hiyo nayo igeuzie ukutani. Hata tochi ya simu, ukiilaza kwenye meza ikitazama juu na kuiwekea chupa ya maji juu yake, inatawanya mwanga wa kutosha watu wale chakula chao kwa amani.

Wapo watakaosema: watoto wana kazi za shule, bibi haoni vizuri. Hao ndio wananipa sababu ya kusisitiza kugawa taa. Mtoto anayeandika mpe taa yake kali, hapo mezani, hata nyeupe ukitaka, na aizime akimaliza. Jicho la mzee linapokea mwanga mdogo kuliko la kijana, hivyo bibi aongezewe taa pale alipo: kando ya kiti chake, njiani kuelekea chooni, na kwenye ngazi. Jikoni penye kisu na mafuta ya moto pawe na mwanga wa kutosha. Taa ya nje ya usalama iwake. Hakuna hata moja kati ya hayo linalodai kwamba familia nzima ikae chini ya mwanga mkali kuanzia magharibi hadi wakati wa kulala.

Jambo langu kubwa ni hili. Wengi wetu hatuwezi kubadili foleni za magari, wala kodi ya nyumba, wala kelele za baa ya jirani. Taa tunaweza. Ni kitu kimojawapo ndani ya nyumba ya kupanga ambacho mpangaji anaweza kukiamua mwenyewe, akahama nacho, na kukifurahia kuanzia usiku uleule. Na nyumba inayompumzisha mtu inarudisha mazungumzo. Watu wakikaa karibu na taa moja ya chini, sauti zinashuka, mtoto anasimulia yaliyompata shuleni, na mume anamsikia mkewe.

Basi ndugu msikilizaji, nakupa kazi ndogo ya usiku huu. Mkishamaliza kula, zima ile taa ya darini. Tafuta taa yoyote uliyonayo, iweke chini kwenye kona, iutazame ukuta, kisha ketini wote kwa nusu saa. Mkipendezwa, mwisho wa mwezi nunua balbu moja yenye namba 2700K, na mwezi unaofuata ya pili. Nyumba ni yako, nawe umeifanyia kazi mchana kutwa. Una haki ya kupumzika ndani yake. Usiku mwema.